Kamba Mbili

Jina langu halimo kwenye daftari la mahudhurio.
Waliitwa wapiga dawa wa bonde la Msimbazi,
wanaume ishirini na saba, na Bi Tabu Kondo mwenye bustani yake,
siku tatu, ofisi ya kata, Kigogo,
kalamu ya bure, soda ya bure, na nauli.
Mimi nilikuja na beseni la maandazi
nikakaa chini ya dirisha la tatu, lile lisilo na kioo.

Mwalimu anaitwa Tumsifu,
sauti kavu kama mfuko wa saruji.
Anasema: soma kibandiko kabla ya kugusa kifuniko.
Anasema: nyekundu ni sumu kali, njano inafuata,
kisha buluu, kisha kijani,
na kijani nayo si maji ya kunywa.
Mume wangu Shomari yuko safu ya nyuma.
Namjua kwa kisogo. Kisogo kimelala.

Miaka kumi na mmoja amebeba bomba mgongoni,
lita kumi na sita, linavuja upande wa kushoto,
na upande wa kushoto ndiko shati linakopauka.
Hupima dawa kwa kizibo.
Kizibo cha nini, hajawahi kuulizwa.
Hutafuta upepo kwa kidole alichokilowesha mate,
kidole kilekile.

Siku ya pili walifika kwenye nguo.
Niliacha kuhesabu chenji.
"Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake,
beseni lake, kamba yake,
na anayefua avae glovu."

Anayefua.
Kiswahili chetu kina stara, neno halisemi ni mume au mke.
Lakini ukumbi mzima ulijua ni nani
na hakuna aliyegeuka kutazama dirishani.

Beseni langu la kufulia ni moja.
Shati lake kwanza, maana ndilo chafu,
halafu, kwa povu lilelile, nepi za Mwanakombo.
La maandazi ni jingine, wallahi.
Hata hivyo nililitazama mara mbili.
Mwaka juzi vidole vyangu vilikufa ganzi
nikasema ni baridi.
Baridi! Dar es Salaam!

Siku ya tatu, mtihani.
Swali la tisa walilisoma kwa sauti
kwa ajili ya wasioona vizuri:
kwa dawa hii tuliyoisoma jana, ukishapuliza mchicha,
ungoje siku ngapi ndipo uvune?
Shomari akatafuna kalamu.
Namwelewa. Mchicha una siku ishirini na moja za kuishi,
na wachuuzi wa alfajiri hawasomi kibandiko;
ukingoja, wananunua kwa jirani asiyengoja.
Nikakohoa.
Nikakohoa mara saba, nikihesabu kwa vidole.
Tumsifu akachungulia: "Pole na kifua, mama maandazi."

Shomari aliandika nane.
"Ulianza na kusafisha koo," akaniambia njiani,
"na mimi nikaihesabu."

Amefaulu, lakini. Cheti kimepigwa plastiki,
kina picha yake akiwa ametoa macho, kina muhuri,
kitakwisha nguvu baada ya miaka miwili.
Amekitundika juu ya redio.

Mimi usiku ule nilitoa chupa uvunguni,
ile ya ukanda wa njano niliyowekea mafuta ya taa.
Nikaimwaga kwenye jiko, nikatafuta msumari,
nikaitoboa kitako, ubavu, kitako tena,
mpaka isiweze kubeba hata uongo.

Asubuhi nikafunga kamba ya pili,
kutoka mpapai mpaka nguzo ya choo, mbali na ya mtoto.
Nikaanika shati, mikono yangu
imo ndani ya mifuko ya sukari niliyoifunga kwa mpira,
maana glovu waligawiwa wenye majina.

Sikudhani wa nyumba ya pili akasimama ukutani.
"Mbona nguo za mumeo umezitenga? Mmegombana?"

Nikalowesha kidole, kisha nikakumbuka, nikakishusha.
Nikatazama tu majani ya mpapai yanakoegemea.

"Sogea huku," nikamwambia.
"Upepo unakuja kwako."